Wajibu Wetu kwa Majumba ya Kale ya Kilwa

Katika Surat al-Hajj, aya ya 45, Mwenyezi Mungu anaitaja miji iliyoangamia, na katika kuitaja huko ametaja vitu viwili: kisima kilichoachwa na kasri iliyoinuliwa. Mtu aliyezaliwa katika pwani ya Kilwa hana haja kubwa ya kufasiriwa maneno hayo. Akivuka maji kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, safari isiyo ndefu kwa mashua ikiwa upepo ni mwema, atavikuta vyote viwili. Visima vya kale vipo, na kasri ya Husuni Kubwa ipo juu ya jabali lielekealo bahari, yenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane ambalo leo halina maji.

Wako vijana, na baadhi yao nimewasomesha mimi, waisomao aya hiyo kisha wakaniambia: "Maalim, kama Kilwa imeangamia, imeangamia kwa dhambi za watu wake. Magofu ni ya kuachwa, na mawe yake ni ya kujengea." Husahau kuendelea kusoma. Aya ya 46 yauliza kama watu hawakutembea katika ardhi wakapata nyoyo za kufahamia na masikio ya kusikilizia. Basi anayehimizwa kutembea na kuzingatia, sharti kiwepo cha kuzingatiwa. Ukilibomoa gofu ukalijengea banda la mbuzi, atakayekuja baada yako atatazama nini? Na tena, nani aliyetupa sisi elimu ya kuhukumu kwamba mji fulani uliangamia kwa dhambi ya fulani? Tujualo kwa yakini ni kwamba mwezi wa Julai 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuvamia mji huu wakaupora, wakajenga ngome yao, na mwaka 1512 wakaondoka. Mwenye kuporwa hawi mkosa kwa sababu ameporwa.

Mji wenyewe haukuwa mdogo. Ibn Batuta, msafiri mashuhuri wa Maghribi, alifika hapa mwaka 1331, naye akaandika kwamba watu wake ni watu wa dini na wema, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Sultani wao, Hassan bin Suleiman, alikuwa na lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Ibn Batuta anahadithia kwamba Ijumaa moja, sultani alipokuwa akirejea kutoka katika sala, alizuiwa njiani na fakiri wa Kiyemeni aliyemwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa zile alizoombwa. Baadaye nguo zile zikakombolewa kwa fakiri yule kwa kupewa watumwa, na sultani mwenyewe akamwongezea watumwa wengine na pembe za ndovu. Msomaji na aikumbuke sehemu hii ya mwisho, kwani nitairudia.

Utajiri uliojenga kasri na misikiti ya Kilwa ulitokana zaidi na dhahabu iliyopitia Sofala. Masultani wake walipiga fulusi zao wenyewe za shaba, na fulusi hizo zimeokotwa mahali ambapo mtu hangefikiri: moja katika Zimbabwe Kuu, kati ya bara, na nyingine tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, alikoziokota askari mmoja mwaka 1944. Hata leo wataalamu hawajakubaliana zilifikaje huko. Haya yote twayajua kwa kuwa mawe na fulusi viliachwa mahali pake mpaka wakaja watu wa kuvichimbua kwa utaratibu, na wa mbele katika hao ni Neville Chittick, aliyeanza kuchimba Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuitolea kitabu kikubwa mwaka 1974.

Sasa tuutazame Msikiti Mkubwa. Una sehemu mbili za umri mbalimbali. Sehemu ya kaskazini, iliyo ndogo, ni ya karne ya 11 au ya 12, nayo ilikuwa na paa bapa lililochukuliwa na nguzo tisa. Sehemu ya kusini, iliyo kubwa kuliko ile mara nyingi, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, na wataalamu huinasibisha na huyo huyo Sultani Hassan bin Suleiman. Ikaanguka; wazee wakaijenga tena katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane, na matao, na kuba, ambazo baadhi yake zimesimama mpaka hivi leo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, chokaa ni matumbawe yaliyochomwa, na boriti za nyumba za zama hizo zilikatwa mikokoni. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko haikubali kuvuka nafasi kubwa, na fundi alijenga kwa kadiri mti ulivyomruhusu. Si mbali na hapo uko msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, wenye paa la mafungu tisa, na mafundi wake walipachika bakuli za kauri za ng'ambo ndani ya kuba kuwa pambo. Mtu aliyelala chali akazitazama hawezi tena kuniambia kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kuvua samaki tu.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wa madrasa huko. Tulipofika penye kizingiti cha Msikiti Mkubwa mmoja wao, mtoto wa miaka 10 hivi, akasimama akauliza: "Maalim, tuvue viatu?" Wenziwe wakacheka, kwa kuwa ndani mna kokoto na popo, na sehemu kubwa haina paa. Mimi sikucheka, maana aliuliza suala la fikihi ambalo watu wazima wengi hawaliulizi. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mahali palipofanywa msikiti hapatoki katika hukumu ya msikiti hata kama jengo limeanguka; hapauzwi, haparithiwi, wala hapageuzwi kuwa milki ya mtu. Imamu Ahmad bin Hanbal yeye ameruhusu msikiti uliokosa manufaa uuzwe, na thamani yake ihamishiwe msikiti mwingine. Hiyo ni rai ya kuheshimiwa, na kuna miji iliyoifuata. Lakini hapana hata imamu mmoja aliyesema kwamba mawe ya msikiti ni ya kuchukuliwa na yeyote apitaye na mkokoteni. Nikamwambia yule mtoto avue viatu pale penye mihirabu, na wenziwe wote wakavua.

Nayataja hayo kwa sababu hatari iliyo juu ya majumba yetu ya kale imebadilika sura, na wengi wetu hatujaiona sura yake mpya. Kwa miaka mingi kilichoyalinda majumba ya pwani ya kusini kilikuwa ni ufukara wetu. Bandari kubwa ya mpango wa karanga, mpango ulioanza mwaka 1947 na kushindwa mwaka 1951, ilijengwa Mtwara wala si Lindi, na biashara ya Lindi ikapungua. Ofisi za wilaya zilitoka Kilwa Kivinje zikaenda Kilwa Masoko, na barabara kuu ikapita Nangurukuru, ikauacha mji wa Kivinje pembeni na maduka yake ya mawe na milango yake ya nakshi. Wakati wa masika mto Rufiji ulitukata na Dar es Salaam. Mtu asiye na fedha habomoi nyumba ya babu yake ili ajenge ghorofa. Huitia kiraka akakaa. Kwa hivyo nyumba zilisalia, si kwa sababu tulizipenda, bali kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kuziondoa.

Hali hiyo imekwisha. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Gesi ya Songo Songo, iliyo katika wilaya hii hii ya Kilwa, ilianza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004. Katika miaka hii ya 2020 imeanza kujengwa bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na kwa upande wa Lindi umezungumzwa kwa muda mrefu mpango wa kiwanda kikubwa cha gesi pale Likong'o. Haya ni maendeleo, nasi twayataka. Mwenye kumwambia kijana wa Kilwa akatae ajira ili gofu lipate kutulia, huyo hajalala na njaa. Lakini fedha zikija, kiwanja kilicho karibu na bahari hupanda bei, na juu ya kiwanja kile aghlabu kuna nyumba ya mawe ya kale. Ilichookoa ufukara, kama hatukuwa na azma yetu wenyewe, kitaondolewa na neema.

Na nyumba hufaje? Wengi hudhani hufa siku inapobomolewa. La, hufa miaka 20 kabla ya hapo, siku wanaporithi watu 11 nyumba moja. Mmoja yuko Dar es Salaam, wawili Unguja, mmoja Maskati, na waliobaki hawasemeshani. Kila mmoja ana fungu lake kwa sheria ya mirathi, na hapana mwenye kuthubutu kutoa fedha ya chokaa kwa kuwa akiitoa hatarudishiwa. Paa linavuja upande mmoja. Maji yanaingia katika kichwa cha ukuta, boriti zinaoza mahali zinapokaa ndani ya jiwe, ambapo hazionekani, na siku moja dari linaanguka. Baada ya hapo mtini unaota juu ya ukuta, na baada ya mtini unakuja mnunuzi wa mlango. Yafaa watu wajue kwamba sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavihifadhi vitu hivi: inayataja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango wa babu yako si kuni za biashara.

Dawa ya maradhi haya wazee wetu walikuwa nayo, na jina lake ni wakfu. Mwenye nyumba aliyeogopa kwamba wanawe watagawana mpaka matofali aliifunga nyumba kuwa wakfu: kodi yake iendeshe msikiti, au madrasa, au iwasaidie wazawa wake kizazi baada ya kizazi, wala nyumba yenyewe isiuzwe. Na mafakihi wamesema jambo ambalo laiti lingeandikwa juu ya mlango wa kila kamati ya msikiti: pato la wakfu hutumiwa kwanza katika kuitengeneza hiyo mali ya wakfu, kabla ya mwenye haki yeyote kupata sehemu yake. Yaani chokaa kwanza, kisha posho ya maalim. Mimi ni maalim, nami naikubali hukumu hiyo. Palipoachwa kanuni hii wakfu wenyewe haukufaa kitu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba nyingi ni za wakfu, na kwa miaka mingi zilipangishwa kwa kodi ndogo isiyotosha hata ukarabati wa paa, ndipo baadhi yake zikaanguka zikiwa na watu waliozihesabu kuwa ni zao.

Iko namna ya pili ya kufa kwa nyumba, nayo inauma zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Kamati ya msikiti hupata mfadhili. Mfadhili ataka kuona jengo jipya lenye marumaru na madirisha ya alumini, na ataka kuliona upesi. Msikiti wa zamani, wenye kuta za mkono mzima na mihirabu iliyochongwa katika tumbawe, hubomolewa kwa siku tatu. Sisemi misikiti isipanuliwe. Umma umeongezeka, na sala ya Ijumaa juani si jambo jema. Masultani wa Kilwa wenyewe walipanua. Lakini tazama walivyofanya: waliiacha ile sehemu ya kwanza mahali pake, na ile kubwa wakaijenga ubavuni mwake upande wa kusini, na zote mbili zikawa msikiti mmoja. Fundi wa karne ya 14 aliyaona hayo bila ya kuambiwa na mtu. Msikiti wa zamani waweza kuwa mahali pa darsa, au pa kusalia wanawake, au pa kuwekea misahafu na vitabu, na mpya ukasimama kando yake.

Hata pale watu wanapoazimia kutengeneza, hukosea dawa. Humwita fundi wa nyumba za matofali, naye huja na mifuko ya saruji. Wakati kazi za ukarabati zilipokuwa zikifanyika Kisiwani, nilimsikia kijana mmoja akimwuliza mzee aliyekuwa akikoroga chokaa: "Shikamoo babu. Mbona hamtumii saruji? Yakauka upesi." Mzee akamjibu: "Marahaba, mjukuu wangu. Ukuta huu hunywa maji chini ukayatoa ubavuni. Ukiuziba ubavu, maji yatatokea wapi?" Maneno hayo machache yana elimu yote ya jambo hili. Jiwe la tumbawe lina matundu, na chokaa ina matundu. Unyevu hupanda kutoka ardhini na hutoka nje kwa taratibu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, huuzuia unyevu na chumvi ndani, na chumvi hiyo hupasua jiwe nyuma ya plasta ambayo kwa macho yaonekana nzuri. Baada ya miaka michache plasta inabanduka na nusu ya ukuta inatoka pamoja nayo. Chokaa nayo ina taabu zake: matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa, kisha hutiwa maji na kuachwa muda mrefu ndipo ifae, na matumbawe hai ya baharini siku hizi hayafai kuvunjwa, kwa kuwa ndiyo makazi ya samaki. Yako matumbawe ya nchi kavu, na ndiyo ya kutumiwa.

Habari ya Kisiwani na Songo Mnara inaonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Magofu ya visiwa hivi viwili yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na aliyetazama Gereza la Kisiwani wakati huo alijua sababu. Ngome hiyo, ambayo mahali pake palianzwa na Wareno na sehemu kubwa ya jengo lake la sasa ikajengwa wakati wa Waarabu wa Omani, mnamo mwaka 1800 hivi, ilikuwa ikiliwa na bahari upande wa ufukweni. Zikaja fedha kutoka Ufaransa na Japani, kisha kutoka Marekani kwa mkono wa shirika la World Monuments Fund. Kuta zikashikizwa, miti ikaondolewa, ufukwe ukawekewa mawe ya kuzuia mawimbi na ukapandwa mikoko. Mwaka 2014 jina la Kilwa likaondolewa katika orodha ile ya hatari. Ulinzi wa magofu baadaye umetiwa chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Jina hilo huwashangaza wageni, maana mnyama wa Msikiti Mkubwa ni popo na mbuzi wa jirani.

Katika kazi ile hapana kilichonifurahisha kuliko mikoko. Fedha za ng'ambo huja na kuondoka, na mtaalamu humaliza mkataba akapanda ndege. Mkoko hupandwa na mwanakijiji mwenyewe, aliyejikunja suruali, wakati maji yamekupwa. Lakini hapa pana mkinzano ambao lazima tuukabili: boriti za kuezekea nyumba za kale hukatwa katika mikoko, na mikoko hiyo hiyo ndiyo inayoizuia bahari isiile ngome. Atakaye kuihifadhi nyumba yake kwa kuufyeka ufukwe wa jirani yake hakuhifadhi kitu. Boriti zikatwe kwa kibali na kwa kadiri, na anayekata apande.

Sasa nairudia ile sehemu niliyoomba ikumbukwe. Watumwa waliotolewa zawadi kwa fakiri yule hawakuwa na majina katika kitabu cha msafiri. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1770, Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kumwuzia watumwa kila mwaka. Na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ziwa Nyasa, iliyoleta pembe na binadamu. Wajerumani walipoitwaa pwani walijenga boma lao Kivinje, na baada ya vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Matumbi, watu wetu walinyongwa katika mji huo, na mnara wa ukumbusho wao upo. Basi mtu ataniuliza: Kwa nini tuyahifadhi majumba ya wafanya biashara ya watumwa na maboma ya Wadachi? Na yaanguke!

Swali hilo ni la haki, wala silijibu kwa kulipuuza. Imamu Tahawi amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kubomolewa kwa ngome za Madina, akasema kuwa ni pambo la mji, na ngome zile zilijengwa kabla ya Uislamu, nyingine na watu ambao hawakusilimu kamwe. Ama kuhusu Kivinje, nasema hivi: jumba lililobomolewa halimsemi aliyelijenga. Yuko mtu ambaye bibi yake alipitishwa katika njia ile akiwa na kamba shingoni, na jiwe lililosimama ni shahidi wake. Likiondoka, atakuja msimuliaji mwenye ulimi laini atuambie kwamba mambo hayo hayakuwa. Kulihifadhi jengo si kumsifu mwenyewe. Tukiandika juu ya ukuta kwa Kiswahili kizuri yaliyofanyika ndani yake, boma lile litawafunza watoto wetu zaidi kuliko mabuku.

Hata hivyo, jengo lisilo na kazi halikai. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilipendwa na dunia nzima na kupigwa picha na kila mgeni. Likafungwa kwa ubovu, likangoja, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi wamo kazini, sehemu yake kubwa ikaanguka ikaua watu wawili. Upande mwingine, jirani zetu wa Mikindani katika mkoa wa Mtwara walikuwa na boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililokwisha kuwa gofu. Shirika moja la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililichukua, likalitengeneza, likalifanya hoteli na mahali pa kuwafundishia vijana wa mji kazi za mikono yao. Mimi sisemi kila nyumba iwe hoteli, na hoteli zina mambo ambayo Mwislamu hana haja nayo. Nasema boma lile lina paa, na lina paa kwa sababu lina wageni wanaolipa. Nyumba ya Kivinje yaweza kuwa zahanati, au kituo cha ushonaji cha akina mama, au ghala la korosho, au dahalia ya wanafunzi watokao vijijini. Kazi yoyote ya halali inayomfanya mtu apandishe macho kutazama dari mvua inaponyesha, yatosha.

Na huko Djenné, nchini Mali, uko msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907, ambao kila mwaka watu wa mji, wakubwa kwa wadogo, huupaka udongo mpya kwa mikono yao kwa siku moja ya shangwe. Udongo ni dhaifu kuliko tumbawe, na mvua ya Mali si rafiki. Msikiti umesimama kwa kuwa kila mtoto wa Djenné amekwisha kuushika.

Kwa hivyo nina maombi kwa wasomaji wa pwani yetu, ya nyumbani na ya madrasa. Wenye nyumba za urithi wasikae wakingoja ukubwa wa mgogoro: waite warithi wote, kwa simu ikiwa wako mbali, waandike nani atoe nini na nani akae, au waifunge nyumba kuwa wakfu na kumteua msimamizi mmoja atakayetoa hesabu kila mwaka mbele yao. Kamati ya msikiti ikipata mfadhili, imwonyeshe kwanza msikiti wa zamani na imwombe fedha ya chokaa. Wako wafadhili ambao hawajawahi kuombwa hivyo. Vijana waliomaliza shule na hawana kazi wajifunze ufundi wa chokaa na wa nakshi kwa wazee waliobakia, wakiwa wangali hai, kwani mafundi hao hawapatikani kwa tangazo.

Na madrasa nazo zina kazi ndogo, isiyo na gharama. Katika mwezi wa Februari, kabla ya masika, waalimu wawachukue wanafunzi wakubwa wakazungukie misikiti ya kale na nyumba za jirani zao kwa idhini ya wenyewe. Wafagie mapaa, wazibue makopo ya maji, waangalie kama ardhi imerundikana ukutani kuliko sakafu ya ndani, waiondoe. Na wang'oe miche ya mitini juu ya kuta ingali ya urefu wa kiganja. Uliochipua wakati wa vuli hung'oka kwa vidole viwili, lakini ukiachwa mwaka wa pili mizizi yake huwa imekwisha ingia kati ya mawe, na hapo sharti aitwe fundi, aukate na kuuacha ukauke wenyewe, kwa kuwa kuuvuta ni kuubomoa ukuta. Kwa msikiti mmoja, wanafunzi 20 huimaliza kazi hiyo asubuhi mbili.